Mzee Aliyenisindikiza Mpaka Westlands

Wiki iliyopita simu ya ofisini ililia nikiwa katikati ya kuandika jambo la maana sana ambalo sasa silikumbuki. Aliyepiga alikuwa binti wa jirani yangu wa zamani kule Kinoo, muuguzi, mwanamke asiyepoteza maneno. "Baba ametuacha jana asubuhi," akasema. Nikaanza kutoa pole zangu ndefu za kipwani, akanikatiza. "Mazishi ni Alhamisi. Na wewe ukuje, kwa sababu watu wa nyumbani wanauliza ni kwa nini siku ile ulimwacha atembee." Kisha simu ikakatika. Anayeisoma safu hii kila wiki anajua kwamba mimi ni mtu wa kujibu kila kitu, hata nisichoulizwa. Safari hii nilibaki na mkono wa simu sikioni. Nilikuwa nimempoteza rafiki, na papo hapo nilikuwa nimeambiwa kwamba huenda nilisaidia kumwondoa.

Nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtanihukumu vibaya, na kwa mwanzo huenda mkanihukumu vibaya zaidi. Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa napanga chumba mjini, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mpole. Nilijiona mtu wa jiji kwelikweli kwa sababu nilijua kuvuka barabara bila kukimbia. Mke wangu alikuwa bado kwao Pwani. Aliwahi kuja kunitembelea, akakaa juma zima asibishiwe hodi na mtu ila yule wa kusoma mita ya stima, akafunga virago akarudi. Sharti aliloniachia lilikuwa moja: "Nitafutie jirani kwanza. Nyumba tutaipata baadaye." Nilicheka. Sikucheka sana, kwa sababu miezi ilipita na kila barua yake ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na nikaanza kuogopa kwamba nitazeekea juu ya majora ya vitambaa, mimi na mita yangu ya stima.

Ndipo mtu kazini akaniambia kwamba kuna mzee Kinoo, mbali nje ya mji, ana nyumba ya kupangisha. Nikaenda Jumamosi asubuhi, nimevaa viatu vipya vya ngozi, ili mwenye nyumba ajue anazungumza na mwandishi wa gazeti. Mwenye nyumba alikuwa amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya zizini. Alikuwa amemaliza kuwakatia ng'ombe wake majani ya napia, na alinipokea kwa mikono yote miwili. Nikampa "Shikamoo" yangu iliyonyooka. Akajibu, "Mzuri sana!" Basi tukaelewana tangu hapo. Nyumba aliionyesha kwa muda wa kufungua na kufunga mlango, ila chai tulikunywa mpaka birika likajazwa tena, mkewe akiniuliza habari za watu wa kwetu mmoja mmoja kana kwamba anawajua. Nilipoaga, mzee akainuka. "Wacha nikusindikize kidogo," akasema.

Hapa lazima nieleze nilivyolelewa. Shangazi yangu, aliyenifunza adabu kwa maneno na kwa mwiko, aliniambia kwamba mtu akikusindikiza, usithubutu kumwambia arudi. Mwenyeji ndiye ajuaye kipimo cha heshima anayotaka kukupa, na kumwambia "basi, inatosha" ni kama kumrudishia sahani kabla hajamaliza kupakua. Unanyamaza, unatembea, unangoja mwenyewe aseme, "Hapa panatosha." Sijui kama ni adabu ya Pwani nzima au ni ya nyumba ya shangazi tu. Nilikuwa nayo, na nilijivunia kuwa nayo huku bara, kwa watu niliodhani hawana.

Tukafika barabara kuu. Magari ya mjini yalikuwa yakipita, makanga wakitupigia mluzi. Mzee hakusimama, nami sikusimama. Tukashika njia ya Uthiru, yeye gambuti zake zikipiga kofi kila hatua, mimi viatu vyangu vikianza kunifinya kisiginoni. Alikuwa akizungumza bila pumzi. Akanionyesha shamba walilogombea ndugu wawili hadi mama yao akalipanda lote miti wasipate pa kulima. Akanionyesha jumba ambalo, kwa maelezo yake, lilikuwa la waziri mmoja aliyefilisika. Baadaye nilikuja kugundua ni ofisi ya mifugo. Akanionyesha kilima alichosema ukisimama juu yake asubuhi unauona Mlima Kenya. Nimesimama juu ya kilima hicho asubuhi nyingi tangu hapo, na nimeona moshi wa Kangemi. Mzee huyu hakuwa na habari moja iliyokamilika, ila alisema zote kwa uhakika ambao sisi waandishi wa safu tunautamani.

Kangemi, kwenye soko, alisalimiana na mama mmoja muuza viazi aliyekuwa jamaa yake. Akanijulisha: "Huyu ni mgeni wangu. Anaenda."

"Anaenda wapi?" mama akauliza.

"Sijui," mzee akajibu. "Bado hajasema."

Mama akatutazama sote wawili kuanzia miguuni. Nilidhani ni mzaha wa huku, nikacheka kwa adabu. Tukaendelea. Jua lilikuwa la utosi sasa. Waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwa wamevaa viatu vyangu. Nilikwishaanza kutembea kwa upande mmoja, na bado moyoni nilikuwa nikijiambia: Tazama heshima anayonipa mzee huyu, kumbe wema bado uko duniani! Naye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa akijiambia: Huyu Mswahili ana kiburi gani, anataka nimsindikize mpaka baharini?

Tulifika Westlands, mlangoni mwa jiji. Akina mama wa Parklands waliotoka kununua mboga walikuwa wakizipisha gambuti za mzee, maana samadi ilikuwa bado mbichi. Tukaishiwa nguvu mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, tukakaa kwenye ngazi. Mwenye duka, Sikh wa makamo mwenye kilemba cha buluu, akatoka kutuangalia.

"Mzee, mmetoka wapi na hii jua?"

"Kinoo."

"Kwa miguu? Gari imeharibika?"

"Hapana. Namsindikiza mgeni."

"Kwani mgeni anaishi wapi? Mombasa?" Akaingia ndani akarudi na maji.

Mzee akanywa, akajipangusa, akanigeukia. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Kijana, nikuulize kitu. Ng'ombe yangu haijakamuliwa. Mama hajui niko wapi. Kwani huwezi kuniambia nirudi?"

"Nikuambie mimi?" nikasema. "Mzee, mimi nangoja wewe useme umefika."

"Nisemeje? Mgeni ndiye husema! Ati mimi nikuache kwa barabara kabla hujaniambia nirudi, ni kama nimekufukuza!"

Tukatazamana. Mwenye duka ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika kilemba chake. Mzee akafuatia, akipiga paja. Mimi nilichelewa kidogo kwa sababu nilikuwa navua kiatu. Tukapatana pale ngazini kwamba, kati yetu wawili, tangu leo mgeni ndiye atakayesema "Rudi". Nilipotaka kuvaa kiatu, mguu wangu haukuingia tena. Hivyo ndivyo mwandishi wa gazeti alivyovuka barabara ya Westlands, amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi, kwenda kumpandisha mzee gari la Kinoo, na akapanda naye, kwa kuwa kumwacha mzee wa watu arudi peke yake baada ya hayo yote kungemfufua shangazi. Ndani ya gari nilimwambia kwamba naichukua nyumba. Sikuwa nimeuliza kama ina maji. Haikuwa na maji. Mfereji wa pale ulikuwa na tabia zake, na maji yalikuja pale yalipojisikia.

Nilimwandikia mke wangu barua yenye sentensi chache: jirani nimempata, nyumba pia, maji bado. Akaja. Siku ya kwanza mke wa mzee alikuja kumwona, na alipoondoka mke wangu akamsindikiza. Nilikwishamweleza desturi ya huku, na mzee alikwishamweleza mkewe desturi ya kwetu, basi kila mmoja akataka kumheshimu mwenzake kwa adabu ya mwenzake. Walikwenda mpaka kwenye kinu cha mahindi, wakarudi, wakaenda tena. Mimi na mzee tulikaa kwenye kiti kirefu mbele ya nyumba yangu tukiwaona wanapita huku na huku jioni yote, wakizungumza, wala hakuna aliyeonekana kutaka kufika. Usiku ule mke wangu alifungua sanduku lake akapanga nguo zake kabatini.  Nilitoka nje nikajifanya kuangalia kama maji yamekuja, ili asinione machozi.

Tulikaa Kinoo miaka mingi. Nimesafiri kidogo tangu hapo, nimepanda hata ndege, na nimesoma makala za wenzangu wanaosifu miji waliyopitia kwa siku mbili. Mimi nasema hakuna mji nilioufahamu kama ile njia ya kutoka kwangu hadi kwenye kinu. Niliijua kwa sababu niliipita taratibu, nikiwa na mtu, mara nyingi bila shughuli yoyote. Mtaa mgeni haukupokei siku unapolipa kodi. Unakupokea siku muuza makaa anapokuuliza yule uliyekuwa unatembea naye jana amekwenda wapi. Mimi iliniwia rahisi, kwa kuwa nilitangulia kuchekwa. Habari za Westlands zilifika Kinoo kabla mguu wangu haujapona, na kwa miezi mingi watoto waliniona wakaitana, "Mswahili wa kiatu kimoja!" Ukishachekwa na mtaa mzima huna tena cha kuficha, na watu wanakuzoea upesi.

Kisha dunia ikabadilika, nami nikabadilika nayo kama bendera. Miaka ya tisini watu walianza kuogopana. Nyua za michongoma ziling'olewa, yakaja mabati, yakaja mawe, yakaja malango yenye kidirisha cha kuchungulia. Watoto wangu walikuwa wamepata shule mjini, tukahamia Kileleshwa, kwenye ghorofa ambamo nilimjua jirani kwa kikohozi chake tu. Wakati mmoja nilialikwa chakula Lavington, nyumbani kwa mtu mkubwa. Tulikula vizuri. Nilipoaga, mwenyeji alinipungia mkono akiwa bado kitini, na aliyenisindikiza hadi langoni alikuwa askari na mbwa wawili. Mbwa hawakungoja niseme warudi. Nilimsimulia mzee kisa hicho, akakitafakari, akauliza, "Na hao mbwa, walikuaga?"

Nami nikanunua gari. Lilikuwa kuukuu, ila nilinyoosha mgongo ndani yake kama mtu aliyezaliwa nalo. Mara ya kwanza nililipeleka Kinoo ili mzee alione. Alilizunguka, akapiga tairi teke, akasifu. Nilipowasha kuondoka, akashika ukingo wa dirisha. "Wacha nikusindikize kidogo." Nifanye nini? Nikaendesha kwa mwendo wake. Mzee alitembea kando ya gari, mkono dirishani, akinieleza habari za kesi ya shamba la mtu nisiyemjua, huku nyuma yetu lori la mawe likipiga honi na nyuma ya lori mkokoteni wa maji mwenyewe akitukana. Gari langu halikuumbwa kwa ajili ya heshima. Karibu na kinu lilianza kutoa moshi mbele. Mzee akaniambia nisiwe na wasiwasi, limechoka kwa kuwa si la huku. Tukalisukuma kurudi kwake, nikala chakula cha pili, nikaondoka jioni kwa gari la abiria, na gari langu likalala kwa mzee pamoja na ng'ombe. Gari, aliniambia siku hiyo, ni kitu kizuri, lakini linamfanya mgeni aondoke kabla hajaaga.

Sasa nifike kwenye lile nililoitiwa. Mwaka huu ugonjwa wa sukari ulimshika mzee miguu. Kidonda kilikuwa hakiponi, miguu ikavimba, na binti yake akaacha nyumba yake akaja kukaa naye. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Alikuwa amekonda, amefunikwa blanketi kwenye kiti karibu na dirisha, na mazungumzo yake, yale yaliyokuwa hayana breki, yalikuwa yamekwisha. Mkewe alileta chakula, akakisukuma kando. "Ni siku nyingi sasa," mkewe akaniambia kwa sauti ya chini. "Anaonja tu kwa sababu yangu." Nilizungumza mimi peke yangu, jambo ambalo kwa kawaida hunifurahisha, na siku hiyo lilinichosha. Binti alinivuta kando akaniambia waziwazi: asisimame, asitembee, daktari amesema mguu upumzike. Nikaitikia. Nikarudi kumuaga mzee, na mzee akaondoa blanketi.

"Niletee gambuti," akamwambia mkewe.

Gambuti moja iliingia, nyingine ikakataa. Akavaa moja, na mguu mwingine akautia kwenye kandambili. Nilijua kabisa lililo sawa. Lilikuwa neno moja fupi, "Rudi," na kwa sheria tuliyoitunga wenyewe ngazini kwa yule Sikh, mwenye kulisema nilikuwa mimi. Ningelisema pale mlangoni, angetii, angekaa, na mimi ningekwenda zangu nikiwa mtu mwenye busara. Akaniangalia akingoja nilitamke. Lakini nilimwona usoni, jamani. Tangu nifike alikuwa ameketi mle kama mzigo ulioachwa steji ya magari, na sasa amesimama, ameshika mkongojo, ni mwenyeji mwenye mgeni. Nikanyamaza. Tukapita mlangoni, nikanyamaza. Tukalipita zizi, ng'ombe wakamtazama, akawasemesha kwa Kikuyu. Tulikwenda pole kiasi kwamba kuku walituvuka mbele wakarudi. Akaanza kunieleza habari ya jirani mpya, ambayo nina hakika haikuwa ya kweli hata kidogo. Binti akatokea nyuma akipaza sauti, "Baba! Kwani mnafanya nini? Wewe, si nilikuambia?" Tulikuwa tumefika langoni. Hapo ndipo nikasema, "Rudi, mzee wangu. Umenifikisha."

"Umekawia kusema," akajibu, akitabasamu, jasho likimtiririka. Akanipa mkono. Binti alimshika begani akamrudisha ndani, asiniangalie.

Alhamisi basi nikaenda. Nilivaa viatu vya kawaida. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanapakuliwa chakula uani, binti alinijia, na nyuma yake kaka zake wawili. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, macho yamevimba, "Nilikuambia asitembee. Mguu ulivuja damu usiku mzima. Ulikuwa unafikiria nini?"  Mimi, ninayelipwa kwa maneno, nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, yenye shangazi na heshima na mila, na sasa niliiona ilivyo, utetezi wa mtu asiyeosha kidonda. Nikasema, "Sijui, binti yangu. Nilishindwa kumkatisha." Akatikisa kichwa. Nilikuwa tayari kuondoka.

Mama yake alikuwa ameketi karibu, amejifunika leso, tukidhani hasikii. "Ni huyo mnamuuliza kwa nini alimwacha atembee?" akauliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."

 Akasema, bila kumwangalia yeyote kati yetu, "Hiyo siku alirudi na njaa. Alikula sahani yote. Akaitisha ingine." Binti akapiga magoti akamkumbatia.

Hakuna aliyeniambia kwamba nilifanya vyema, na sitajiambia mwenyewe. Binti alikuwa na haki kuhusu mguu, na mguu wa baba ni kitu cha kweli kuliko adabu zangu. Ila nimekaa na maneno ya mama yule tangu Alhamisi, na funzo nililolitoa ni hili, mlichukue au mliache. Tunapompenda mtu mgonjwa, tunaharakisha kumvua kazi zake zote: asibebe, asiinuke, asihangaike. Tumwachie basi kazi moja, hata iwe ndogo, hata ituchoshe kuingoja. Mtu hali chakula kwa sababu ana tumbo tu. Anakula pia kwa sababu ametoka mahali, amefanya jambo lake, amerudi nyumbani.